Wachoraji Wawili na Nyika ya Mkomazi

Misafara ya zamani iliyotoka Pangani kwenda bara iliambaa na mto, ikaiacha milima ya Upare upande wa kulia. Wapwa waliijua milima ile kabla reli ya Tanga haijafika Moshi mwaka 1911. Leo msafiri hushuka Same, akanunua tangawizi iliyoteremshwa kutoka milimani, naye hajui kwamba amesimama mpakani mwa namna mbili za kuyatazama maumbile.

Juu yake iko Shengena, kilele chenye mita 2,462, na msitu wa Chome, makao ya ndege mdogo mwenye duara jeupe machoni ambaye hapatikani popote duniani ila Upare Kusini. Chini ya msitu Wapare walichimba ndiva, yaani mabwawa ya kukusanya maji ya kijito usiku ili asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani kwa zamu. Hapo mlima na mtu hawakutengana: msitu ulilinda maji, na aliyeyahitaji maji alikuwa na sababu ya kuulinda msitu.

Mtazamo huo ulipata mchoraji wake katika mkoa huo huo wa Kilimanjaro. Sam Ntiro alizaliwa Machame mwaka 1923, akasoma Makerere kwa Margaret Trowell, mwalimu aliyewasimulia wanafunzi wake tukio kisha akawaachia walichore kwa macho ya moyo. Ntiro hakuiacha njia hiyo hata alipokwenda kusoma London, wala alipokuwa balozi wa nchi yake huko baada ya uhuru. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wampelekeao bibi harusi pombe ya ndizi usiku, imehifadhiwa katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York. Katika kazi zake mti haukosi jirani: chini ya migomba wamo watu wanaolima, wanaovuna, wanaobeba.

Mchoraji wa pili ni Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932. Mnamo 1968, mjini Dar es Salaam, alianza kuchora juu ya mbao za masonite kwa rangi za kupakia baiskeli. Alichora watu pia, lakini kilichompa jina ni mnyama mmoja aliyejaza ubao mzima, chui au tembo, na nyuma yake rangi tupu. Alifariki mwaka 1972. Wafuasi wake wangali wakichora, na maduka ya Mji Mkongwe yamejaa kazi za mkondo wake. Ni ubunifu mzuri, na furaha yake ni ya kweli. Ila nyika ile haina mchungaji.

Sasa tuirejee Same. Kilomita chache kutoka mjini liko lango la Mkomazi, lililofanywa pori la akiba mwaka 1951. Mwanzoni baadhi ya wafugaji waliruhusiwa kubaki. Kufikia 1988 walikuwa wametolewa wote. Katika miaka ya 1990 wakaipeleka kesi yao mahakamani. Mwaka 2008 pori likawa Hifadhi ya Taifa. Faru na mbwa mwitu wamerudishwa humo, na hilo ni jambo la kushukuriwa.

Sisemi kwamba picha ilimfukuza mfugaji. Nasema kwamba serikali, mtalii na mnunuzi wa picha waliipenda nyika ya namna moja, ile iliyo tupu. Na anayeipenda nyika tupu haoni vigumu kuitupisha. Ndiva hutufundisha vingine. Bwawa lisilo na watu wa kulizibua hujaa tope, na watu wasio na msitu hukosa cha kulijazia.

Atakayetuchorea Upare kesho, basi, amkumbuke ndege wa Shengena. Lakini asimsahau mwenye jembe anayengoja zamu yake ya maji.