Waliotoka Kanisani: Historia ya Ushuhuda Usiopewa Kiti Katanga

Mashariki ya Likasi, mto Lufira umefungwa mara mbili ili utoe umeme. Kwanza Mwadingusha, mwaka 1930. Kisha Koni, chini kidogo ya hapo, mwaka 1950. Wabelgiji walivipa vituo hivyo majina ya watu wao, Francqui na Bia, na umeme wake ukaenda kwenye viwanda vya shaba vya Union Minière huko Jadotville, mji tunaouita leo Likasi. Penye mitambo palihitajika watu, penye watu pakajengwa kambi, na kambini hakuna mgeni aliyekaa muda mrefu bila kuulizwa anasali wapi.

Majibu yalikuwa mengi. Wakatoliki walikuwa na shule na hospitali, kwa mapatano kati ya kampuni na wamisionari. Wamethodisti walikuwepo. Waprotestanti wa Garanganze walikuwa wametangulia wote, tangu Frederick Stanley Arnot alipofika Bunkeya kwa Mfalme Msiri mwaka 1886. Watu wa Kitawala, waliofuata mafundisho yenye asili ya Watchtower, walisali kwa kujificha. Baadaye ikaja Jamaa, kundi lililozaliwa ndani ya Kanisa Katoliki, yakaja makanisa ya uamsho, wakaja Wamormoni. Katika ukoo mmoja wa Katanga si ajabu kumkuta babu aliyebatizwa na mapadri, mjomba Mmethodisti, na mjukuu anayetembea wawili wawili na mwenzake, shati jeupe na tai, kitabu mkononi.

Kila mmoja wao alipoingia alitoa ushuhuda, na watu wakapiga makofi. Alipotoka, hakuna aliyemwekea kiti asimulie. Asiyekuwepo na lake halipo. Ndiyo maana historia ya dini katika nchi yetu imeandikwa karibu yote na waliobaki, na mabishano juu ya neno la aliyetoka tumeyaacha kwa watu wa mbali, ingawa hapa kwetu yana umri wa karibu miaka mia moja.

Nianze na Wamormoni, kwa sababu wao ndio ambao waliowaacha wameandika kuliko wengi. Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho lilipata kibali cha serikali ya Zaire tarehe 12 Aprili 1986. Mwezi mmoja kabla, tarehe 12 Machi, Rais Mobutu alikuwa amevunja chama cha Mashahidi wa Yehova, na ilichukua hadi 1993 kwa Mahakama Kuu kuifuta amri hiyo. Mkono uleule ulifunga mlango huu na kufungua ule. Kitabu cha Mormoni kilitoka kwa Kiswahili mwaka 2000, misioni ya Lubumbashi ikaanzishwa 2010, hekalu la Kinshasa likawekwa wakfu Aprili 2019, na la Lubumbashi likatangazwa mwaka uliofuata, udongo wake wa kwanza ukachimbwa Agosti 2022. Ni kanisa linalokua Kongo kwa kasi, na penye wengi wanaoingia hawakosi wanaotoka.

Kwetu wanaotoka hufanya hivyo kimya. Jumapili moja mtu hubadili njia, na mwezi haujaisha ameonekana kwa jirani, amekaa benchi la nyuma. Huko Marekani, kanisa lilikozaliwa mwaka 1830, kutoka ni jambo la karatasi: jina limo katika daftari, na kuliondoa kunahitaji barua au kikao. Na wanaotoka huandika. Wa kwanza alikuwa Ezra Booth, mhubiri Mmethodisti wa Ohio aliyebatizwa mwaka 1831, akasafiri hadi Missouri kwa agizo la Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa, akarudi amekata tamaa, na kabla mwaka huohuo haujaisha akawa ametoa barua tisa gazetini kueleza alichokiona. Smith na mwenzake Sidney Rigdon walilazimika kuzunguka wakihubiri ili kuzima moto wa barua hizo. Kanisa halikuwa limefikisha miaka miwili.

Kisa cha William Law kinastahili kutulia nacho. Law alikuwa mshauri wa Joseph Smith katika baraza la juu kabisa la kanisa, mjini Nauvoo, jimbo la Illinois. Waligombana juu ya mambo kadhaa, zito kuliko yote likiwa ndoa ya wake wengi, ambayo Smith aliifundisha kwa siri huku hadharani akiikana. Law akatengwa na kanisa. Tarehe 7 Juni 1844 yeye na wenzake walitoa gazeti liitwalo Nauvoo Expositor, wakiandika waziwazi kwamba mafundisho hayo yapo. Halikutoka toleo la pili. Siku tatu baadaye, kwa amri ya baraza la mji ambalo meya wake alikuwa Smith mwenyewe, mashine ya kuchapia ilitolewa nje na kuvunjwa, na herufi zake za risasi zikamwagwa barabarani. Kitendo hicho kilimfikisha Smith gerezani Carthage, na huko kundi la watu wenye silaha likamuua tarehe 27 Juni. Kwa waumini, Law akabaki msaliti ambaye mikono yake ina damu ya nabii. Lakini mwaka 1852, kanisa likiwa limehamia Utah, viongozi walitangaza hadharani kwamba ndoa ya wake wengi ni mafundisho yao. Jambo kuu aliloandika msaliti lilikuwa kweli, miaka minane kabla ya kanisa kulikiri.

Namna hiyo imejirudia. Tangu 1834 kulikuwa na kitabu cha wapinzani kilichodai kwamba Smith aliweka jiwe ndani ya kofia, akainamisha uso humo, na hivyo ndivyo maneno ya Kitabu cha Mormoni yalivyopatikana. Kwa vizazi vingi picha za kanisa zilimwonyesha ameketi mezani mbele ya mabamba ya dhahabu aliyosema anayatafsiri, na aliyetaja kofia alionekana mzushi. Mwaka 2013 kanisa lenyewe lilichapisha maelezo yanayolitaja jiwe hilo, na 2015 likatoa picha yake: jiwe dogo la rangi ya chokoleti, mviringo kama yai, lina michirizi, limewekwa kando ya kifuko cha ngozi. Waumini wengi wanaishi na habari hiyo bila shida. Husema Mungu hutumia chombo apendacho. Wengine walivunjika moyo, na ukiwasikiliza vizuri, wengi hawalalamikii jiwe. Wanalalamika kwamba waliambiwa halipo.

Kwa msomaji wa Katanga kuna jambo zito zaidi ya kofia. Tangu 1852 hadi Juni 1978 mwanamume mwenye asili ya Kiafrika hakuruhusiwa kupewa ukuhani katika kanisa hilo. Mwaka 1977 mzungu mmoja wa Utah, Byron Marchant, aliinua mkono wa kupinga katika mkutano mkuu kwa sababu ya marufuku hiyo, akatengwa mwezi huohuo. Miezi minane baadaye marufuku ikaondolewa. Mwaka 2013 kanisa lilikana rasmi nadharia zote za laana zilizotumika kuitetea. Yule aliyefukuzwa alikuwa amesema mapema jambo ambalo leo mhubiri wa Lubumbashi analisema bila woga. Sielewi mtu anawezaje kuijua habari hiyo na bado akasema neno la aliyetoka halina thamani.

Hata hivyo upande wa pili una hoja, na si hoja nyepesi. Bryan Wilson, mwanasosholojia wa Oxford, alifundisha kwamba aliyeacha dini yake si shahidi wa kutegemewa: anahitaji kujieleza kwa nini aliingia, anahitaji kujisafisha kwa nini alikaa, na hadithi ya kudanganywa inamtosha kwa yote mawili. David Bromley, katika kitabu alichohariri mwaka 1998, aliongeza swali lenye faida zaidi: aliyetoka amepokelewa na nani? Wengi huondoka na kunyamaza. Anayesikika ni yule aliyepokewa na wapinzani wa kanisa lake, wakampa jukwaa, na bila hata kumwambia aseme uongo, wakamwonyesha wanachopenda kusikia.

Mfano mbaya kabisa haukutoka kwa Wamormoni. Mwaka 1836 mwanamke aitwaye Maria Monk alitoa kitabu kuhusu maisha yake kama mtawa Montreal, kikiwa na watoto wachanga waliouawa na njia za siri chini ya ardhi. Waprotestanti wa Marekani walikinunua kwa fujo. Mhariri mmoja wa New York, naye Mprotestanti, alisafiri hadi kwenye nyumba hiyo ya watawa, akaikagua, akaona hata ramani ya jengo haifanani na aliyoieleza. Kitabu kiliendelea kuuzwa. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na wasomaji wale walikuwa wameshika ngozi kwa mikono yote miwili.

Viongozi wa Wamormoni nao walikuwa na maelezo yao mepesi: aliyetoka alikasirishwa na mtu, au ametenda dhambi, au ni mvivu. Oktoba 2013, mbele ya kanisa lote, Dieter F. Uchtdorf wa Urais wa Kwanza alisema kwamba mambo si rahisi hivyo, na kwamba viongozi wenyewe wamewahi kukosea. Maneno hayo yangefaa kusomwa katika kila kanisa la Likasi, la Wamormoni na lisilo lao, maana sijaona dhehebu hapa kwetu lisilotumia maelezo yale matatu.

Katanga ililijua swali la Bromley kabla hajaliandika. Mwaka 1925 Tomo Nyirenda, aliyejiita Mwana Lesa, alibeba mahubiri yenye asili ya Watchtower kutoka Rhodesia ya Kaskazini, akavuka mpaka hadi huku, na ubatizo wake ukageuka mtego wa kuwaua watu walioitwa wachawi. Alinyongwa na Waingereza mwaka 1926. Baada ya hapo utawala wa Kibelgiji ulimwona kila mtu wa Kitawala kuwa Mwana Lesa mwingine. Mafundisho ya Kitawala yalipofika kambi za Jadotville na Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, katika miaka ya 1930, wafuasi walikamatwa na kuhamishwa mbali bila kesi mahakamani. Sasa mweke mfanyakazi wa kambi mbele ya ofisa, nyumba yake ni ya kampuni, posho ya watoto wake ni ya kampuni. Akisema nimetoka, nao hutufundisha hivi na hivi, maneno hayo yanaandikwa na kutunzwa. Ndiyo sehemu kubwa ya karatasi tulizonazo juu ya Kitawala. Mtu huyo alikuwa na sababu zote za kusema anachotakiwa kusema, nami siwezi kumlaumu.

Jamaa inatupa swali gumu kuliko hilo. Padri Placide Tempels, Mfransisko aliyetoa kitabu chake cha falsafa ya Kibantu mwaka 1945 na kuchukiwa na Askofu de Hemptinne kwa ajili yake, alianzisha kundi hilo miongoni mwa wachimbaji wa Kolwezi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mafundisho yalikuwa kwa Kiswahili, jioni, nyumbani kwa watu. Mume na mke waliingia pamoja, wakafundishwa na mume na mke waliowatangulia, wakaitana baba na mama, wakapita njia moja baada ya nyingine wakitafuta uzima, uzazi na mapendo. Lilienea katika miji ya migodi. Kisha minong'ono: kuna kundi liitwalo Katete, huko njia zimekuwa zinaa. Waliotoka walisimulia, mapadri wakasikiliza, na wanajamaa wengi wakasema Katete si sisi. Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962 asirudi, akafa Ubelgiji 1977. Katika miaka ya 1970 uongozi wa Kanisa ukawafungia mlango wanajamaa wengi. Lakini wao hawakusema wametoka. Walijihesabu Wakatoliki, pengine Wakatoliki kuliko jirani zao. Kanisa ndilo lililosema mmetoka, na hapo neno la nani tulichukue?

Tunachokijua vizuri tunakijua kwa sababu wawili walikaa na kusikiliza pande zote: Johannes Fabian, aliyerekodi mafundisho ya wanajamaa kwa Kiswahili chao na kutoa kitabu mwaka 1971, na Willy De Craemer, Mjesuiti, aliyetoa chake mwaka 1977. Hawakumchukua aliyetoka kuwa hakimu, wala aliyebaki.

Nami naona hivi. Katika makanisa yetu ya uamsho kila Jumapili mtu husimama na kueleza alivyomwacha mganga, au alivyowaacha mapadri, na tunaitikia amina. Huyo naye ni mtu aliyetoka. Ushuhuda wake umepokelewa na wapinzani wa alikotoka, una faida kwake, na unafuata kanuni anayoijua kabla hajafungua kinywa. Kama tunamwamini, basi atakayesimama kesho kueleza kwa nini ametuacha anastahili mizani ileile: tumuulize alichokiona kwa macho, tutenge alichosikia, tuangalie nani amemwita kusema, kisha tukaangalie katika karatasi za kanisa lenyewe kama aliyosema yamo.

Karatasi hizo na watu hao hawatatungoja. Waliokuwa vijana Jamaa ilipoanza wamevuka miaka 80, na waliohamishwa kwa ajili ya Kitawala wamekwisha karibu wote. Vyuo vikuu vya Likasi na Lubumbashi vina wanafunzi wa historia wanaotafuta mada kila mwaka. Wapelekeni Koni, Mwadingusha na Shituru hapo Likasi, na simu zao za kurekodia. Wawaulize wazee walisali wapi kwanza, waliacha lini, na nani aliwauliza sababu.