Kujikwaa si Kuanguka

Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Nilipokuwa kijana niliichukia methali hiyo. Nilikuwa nimeshindwa mtihani wa hesabu, somo ambalo darasa zima lilijua ni langu, na kila mzee aliyenipa pole alinipa na methali hiyo juu yake. Nilianza kuielewa baada ya kusoma habari za Harrison Dillard.

Dillard alizaliwa mwaka 1923 mjini Cleveland, Marekani. Mwaka 1936 alimwona Jesse Owens akipokewa kwa shangwe kutoka Berlin, naye akatamani kuwa kama yeye. Alisoma katika sekondari ile ile aliyosoma Owens. Vita Kuu ya Pili vilimpeleka Italia, akiwa askari wa Divisheni ya 92 ya wanajeshi weusi. Aliporejea, hakuna aliyemweza katika mita 110 kuruka viunzi. Kati ya Mei 1947 na Juni 1948 alishinda mbio 82 mfululizo.

Mbio hizi, msomaji wangu, ni za hesabu. Viunzi ni 10, kimo cha kila kimoja ni sentimita 106.7, na kutoka kimoja hadi kingine ni mita 9.14. Katikati mkimbiaji hupiga hatua tatu tu. Akigonga kimoja hatua huvurugika, na kinachofuata humkuta hajajiandaa.

Ndilo lililomfika Julai 1948 huko Evanston, katika mashindano ya kuchagua timu ya Olimpiki. Aligonga viunzi kadhaa, akasimama njiani, na wenzake wakamwacha. Bingwa wa viunzi akakosa nafasi ya viunzi.

Bahati nzuri alikuwa amepata nafasi ya tatu, ndiyo ya mwisho, katika mita 100. Akaenda London kwa mbio ambazo hazikuwa zake, akashinda kwa sekunde 10.3. Walimaliza karibu karibu, hata Barney Ewell, Mmarekani mwenzake, akarukaruka kwa furaha akidhani ndiye mshindi, mpaka picha ilipoamua.

Wengi huikatisha hadithi hapo, eti mlango mmoja ukifungwa mwingine hufunguka. Lakini Dillard hakuridhika. Alirudi kwenye viunzi vilevile vilivyomwaibisha, akavingoja miaka minne. Mwaka 1952 huko Helsinki, akiwa na umri wa miaka 29, alivishinda kwa sekunde 13.7. Alifariki mwaka 2019, na hakuna mwanamume mwingine aliyepata dhahabu ya Olimpiki katika mbio zote mbili hizo.

Mimi nilihamia somo la historia. Limenilisha na kunisomeshea watoto, nami nashukuru. Hiyo ndiyo London yangu. Kwenye hesabu sikurudi tena, na sasa najua kwamba wazee wale hawakunidanganya. Nilijikwaa tu; kutorudi ndiko kulikokuwa kuanguka.