Majeraha ya Moyo Baada ya Maafa

Ijumaa asubuhi, Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka ikielekea kisiwani. Ilibeba watu wapatao 400, 272 wakafa. Septemba 2019, gari liliteleza kutoka kwenye feri pale Likoni, mama na bintiye wakazama. Ilichukua siku 13 kuitoa miili yao. Maiti huzikwa. Je, waliobaki?

Aliyenusurika au aliyefiwa huenda akakosa usingizi, akashtuka kwa kishindo kidogo au akaogopa kuvuka maji. Mtoto huweza kurudi kukojoa kitandani. Huo si wazimu wala upungufu wa imani, na tusikimbilie kusema ni shetani. Ni moyo uliolemewa, na wengi hupoa taratibu wakiwa na watu wao karibu.

Mwaka 2011, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia. Si lazima uwe daktari kuitoa. Ina hatua tatu:

Kutazama: pana usalama? Nani amechanganyikiwa, au ana mtoto aliyepotezana na wazazi?

Kusikiliza: keti naye kwa utulivu. Usimlazimishe kusimulia yaliyompata, wala usimwambie "wewe mwanamume, usilie". Akinyamaza, nyamaza naye.

Kuunganisha: mfikishe kwa jamaa zake, apate maji, chakula, pa kulala na habari za kweli. Usimuahidi usiloliweza.

Sehemu ya haya twayafanya tayari matangani: watu huketi pamoja, hupika, husoma hitima. Tatizo huanza majamvi yakishakunjwa. Kila mtu hurudi kwake, na mfiwa hubaki na kuta nne. Jirani, mtembelee wiki ya pili, na mwezi wa pili pia.

Mwezi ukipita na bado halali, hali wala hafanyi kazi, au ameanza kujituliza kwa vileo, apelekwe hospitali. Akitaja kujiua, msimwache peke yake, na apelekwe siku hiyo hiyo. Hospitali ya Port Reitz, Changamwe, ina huduma za afya ya akili. Msalaba Mwekundu wa Kenya hupokea simu bila malipo kwa nambari 1199.

Dua na daktari hawagombani. Dini yetu imetuhimiza kutafuta tiba, na moyo nao ni kiungo cha mwili.