Kabla Hujanunua Seti ya Ncha 28, Vuka Makupa Kwanza

Nianze na aibu, manake ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Mwaka mmoja baada ya kuacha chuo nilichukua oda ya miko 40. Harusi ya jirani hapa Majengo. Kila mgeni wa upande wa bi harusi apewe mwiko wenye majina ya maharusi yamechomwa kwenye mpini. Nikapokea nusu ya pesa, nikaagiza kalamu ya kuchomea mbao mtandaoni, ile inayokuja kwenye kijisanduku na ncha 28 za shaba ya manjano. Nikapiga na video ya kufungua boksi. Mbele ya kamera nikasema, tena kwa sauti ya mtu mwenye hakika, kwamba mimi ndiye wa kwanza kuleta sanaa hii Mombasa.

Miko 11 iliharibika siku ya kwanza. Herufi ilianza nyeusi tii, ikamalizikia rangi ya chai ya maziwa. Kila nikifika kwenye mshipa mgumu wa mbao ncha inakwama, nikiisukuma inaruka na kuchora pasipochorwa. Nikadhani kosa ni la ncha, nikabadilisha. Nikabadilisha tena ikiwa bado moto, skrubu yake ikalika, ikabaki inacheza kama jino bovu. Kufikia magharibi nilikuwa na ncha 28, kalamu mbovu, na mama wa bi harusi anapiga simu.

Bibi yangu alikuwa barazani ananitazama tu. Nilipomwonyesha ile video yangu akacheka mpaka akashika mbavu. "We mwana, wa kwanza wapi? Na wale twiga wa Wakamba, madoa walitiwa na nani?"

Walahi sikuwa na jibu. Twiga wa mbao nimewaona maisha yangu yote, wamepangwa nje ya Fort Jesus kama wanasubiri matatu, na hata siku moja sikuwahi kujiuliza yale madoa yanaingiaje.

Kwa hivyo kabla ya kurudi kwenye miko nikaanza kusoma. Na kitu cha kwanza unachokutana nacho ukisoma historia ya kuchoma mbao ni Wazungu wa karne ya 19. Jina lenyewe la kitaalamu limeundwa kwa maneno ya Kigiriki, moja la moto na jingine la kuandika. Basi ukilisoma unadhani kitu chenyewe kilizaliwa siku kilipopewa jina.

Ila hadithi ya ile kalamu, hiyo kweli ni ya huko, na ina utamu wake. Miaka ya 1870 kulikuwa na daktari wa Paris, Claude-André Paquelin, aliyetengeneza chombo cha kuchoma nyama ya mgonjwa ili kuzuia damu. Ncha yake ilikuwa ya platini, yenye uwazi ndani. Unaipasha kwanza kwenye moto wa taa, halafu unapuliza mvuke wa benzini kwa kipira cha mkono. Platini ina tabia ya kuuchoma ule mvuke yenyewe kwa yenyewe, kwa hivyo ncha inabaki nyekundu muda wote unaopuliza. Kabla ya hapo kila chuma cha kuchomea kilikuwa na ugonjwa mmoja: ukikitoa motoni tu, kinaanza kupoa.

Watu wa sanaa wakakiona, wakasema, mbona hiki kitatufaa kwenye mbao? Mwanzoni mwa karne ya 20 seti za kuchomea zilikuwa zinauzwa Marekani kama pipi. Flemish Art Company ya New York ilikuwa inauza vifaa pamoja na visanduku vya mbao vilivyokwisha chorwa, mteja kazi yake ni kufuata mstari tu. Nilipojua hilo nikajisikia vizuri kidogo. Kumbe kununua seti ukijiona fundi si ugonjwa wetu sisi wa video fupi peke yetu.

Kisha 1906 Mmarekani Albert Marsh akapata hataza ya nikromu, mchanganyiko wa nikeli na kromu. Waya wake unaweza kuwekwa mwekundu kwa umeme mara elfu na usikatike. Pasi, jiko la umeme, mashine ya kuchoma mkate, zote zinategemea waya huo. Na kalamu za kisasa pia.

Lakini uliza hivi. Ule ugonjwa wa chuma kupoa, waliokuwa hawana platini wala umeme waliutibu vipi? Manake walikuwa wakichoma. Wakamba na Wakalenjin wametia nakshi kwenye vibuyu kwa chuma cha moto tangu enzi za mababu. Na sisi Waswahili tuna msemo wa kutia msumari wa moto juu ya kidonda. Huwezi kuwa na msemo huo kama msumari wa moto ni kitu ambacho watu wako hawakijui.

Nikavuka Makupa, nikaenda Changamwe.

Kama hujawahi kufika, kuna chama cha ushirika cha wachongaji pale, Akamba Handicraft, kiko tangu 1963, mwaka ule ule wa uhuru. Mabanda kwa mabanda, wanaume wamekaa chini wanachonga kwa tezo, vipande vinaruka, vumbi limepaka kila kitu rangi moja. Ukiuliza chanzo cha kazi hii utatajiwa mtu mmoja, Mutisya Munge wa Wamunyu, Ukambani. Wakati wa vita vya 1914 hadi 1918 alikwenda kusini, nchi ambayo baadaye ikaitwa Tanganyika, enzi ambazo maelfu ya watu wetu walibebeshwa mizigo ya jeshi la Mwingereza. Ndiyo ile Kariakoo ya Dar, jina limetokana na kikosi cha wapagazi. Huko Munge akajifunza kuchonga kwa wenyeji, wengi husema Wazaramo, wengine husema Wamakonde. Akarudi Wamunyu na ufundi mkononi. Kutoka kwake ukaenda kwa jamaa, kwa majirani, kisha kwa kijiji kizima, mpaka ukafika Nairobi na huku pwani kunakoshuka watalii.

Nisieleweke vibaya, Wakamba hawakungoja vita ili waijue mbao na chuma. Vile viti vyao vya miguu mitatu vilivyopambwa kwa waya uliopigiliwa ndani ya mbao ni vya zamani kabla ya Munge. Alichokuja nacho ni uchongaji wa sanamu za kuuza.

Mzee niliyemkuta kwenye banda la twiga hakutaka maneno mengi. Nilimsalimu, nikamwonyesha kisanduku changu cha ncha. Akazigeuzageuza na kidole. "Kijana, hizi zote ni za nini?"

Mbele yake palikuwa na jiko la makaa, na kwenye makaa vyuma vinne. Vinne tu. Kimoja kipande cha nondo kilichopigwa nyundo mwishoni mpaka kikawa bapa kama ukucha wa gumba, hicho cha madoa. Cha pili kimenolewa ukingo kwa tupa, cha mistari ya shingo na manyoya. Cha tatu msumari, jicho. Na cha nne? Ni pacha wa kile cha kwanza. Hapo ndipo dawa ya ule ugonjwa ilipo: kimoja kinachoma, mwenzake anapata moto. Anapiga madoa matano sita, anakirudisha, anachukua pacha. Twiga mzima alitiwa madoa kabla sijamaliza kumuuliza swali la pili.

Nikamwambia changu kinaanza cheusi kinaisha hafifu. Akaniuliza kinapata moto kutoka wapi. Nikamwonyesha kile kipini. Akapima ncha kwa mkono, akasema ni nyepesi, haina akiba. Basi! Mimi nilikuwa nimehesabu maumbo 28 bila kujiuliza moto unakaa wapi. Chuma kinene kinabeba moto mwingi, kinapogusa mbao kinapungua kidogo tu. Ncha nyembamba ya shaba iliyoshikiliwa na skrubu moja inanyang'anywa moto wote na herufi ya kwanza, na kipini kinachelewa kuirudishia. Kalamu za waya zinafanya kinyume, hazina akiba kabisa, ila umeme unapita kwenye ncha yenyewe, kwa hivyo moto unarudi papo hapo. Ukienda dukani, hilo ndilo la kuuliza kwanza. Umbo baadaye.

Halafu rangi. Nilitaka kumwonyesha nami naweza, nikachukua chuma chekundu. Akanizuia mkono. Chuma chekundu kinatoboa, si kuchora. Anasubiri wekundu uzime, anakijaribu kwenye kipande kibovu, kikiacha alama ya kahawia bila moshi mzito, twende kazi.

Jambo jingine nililolielewa pale ni la mbao. Zamani mfalme wa wachongaji wa pwani alikuwa muhugu, mti mgumu wenye harufu nzuri. Ukachongwa mpaka ukawa adimu. Miaka ya 1990 mashirika ya uhifadhi, WWF wakiwemo, yakawahimiza mafundi wahamie miti inayokua haraka: mwarubaini, mwembe, jakaranda. Mwarubaini wenyewe uliletwa kutoka India, jakaranda Amerika Kusini. Kwa hivyo yule twiga wa Kiafrika anayenunuliwa kama kumbukumbu ya Afrika, mwili wake ni wa mhamiaji. Nimelipenda sana hili.

Na hapa nasema langu, si la mzee: nadhani mbao ilipobadilika, chuma cha moto kilipata kazi zaidi. Mpingo ni mweusi, ukiuchoma unachoma nini? Urembo wake ni patasi na msasa. Lakini jakaranda ni nyeupe, inaomba rangi, na doa la moto halichubuki kama polishi ya viatu.

Hilo ndilo linanifanya nikereke nikiona vibao vya kuchoma vinauzwa mitandaoni eti ni nakshi za milango ya Mji wa Kale. Nenda Mji wa Kale utazame milango yenyewe. Weka kidole kwenye mfaa, ile nguzo ya katikati. Ni patasi na nyundo ya mti, imekatwa kwa kina kwenye msaji au mbambakofi, na weusi unaouona ndani ya ua ni kivuli. Fundi alilitumia jua kama wino. Saa nne asubuhi mlango una sura moja, alasiri una nyingine. Ukiuiga kwa kalamu ya moto unapata mistari ya kahawia iliyolala tu. Si vibaya, na mimi mwenyewe nauza, lakini kiite kinavyoitwa. Kalamu yangu ni mjukuu wa chuma cha twiga na cha kibuyu. Na babu hao hawauzi sana, nafikiri ndiyo maana watu wanajipachika kwenye ukoo wa milango.

Sasa miko. Mpini wa mwiko ni wa mviringo, na ile niliyopewa ilikuwa ya mwembe. Mwembe una mishipa migumu na laini imekaa ubavu kwa ubavu, ndiyo maana ncha kali ilikuwa inaruka: inafuata njia ya laini. Nilipiga msasa upya. Nikaazima kifaa cha kulehemu cha fundi wa redio pale mtaani, kile kizito, nikachukua msumari wa inchi tatu, nikaupiga kichwa na kuusugua kwa tupa mpaka ncha ikawa ya duara kama punje ya mtama, nikaufunga pale pa ncha yake. Duara haikwami kwenye mshipa, inateleza juu yake. Kwa mikunjo ya herufi hakuna kama hiyo. Ncha ya kisu ni ya mistari iliyonyooka, nayo uivute, usiisukume. Ile ya kijiko ni ya kivuli. Hizo tatu, na nyingine zote ziko chini ya kitanda mpaka leo.

Nilichomea uani, upepo ukinipiga mgongoni ili moshi uende zake. Usichomee chumbani, na usichome mbao yenye rangi au vanishi, moshi wake ni sumu.

Miko 11 nililipa mfukoni mwangu. Usiku wa kuamkia harusi nilikuwa nimefika 38, msumari ukawa umebabuka. Nikaurudisha kwenye tupa, nikamaliza miwili iliyobaki saa tisa za usiku, Bibi anauliza dirishani kama nyumba inaungua.

Ile video nimeifuta. Nimepiga nyingine Changamwe, mzee kakubali mikono yake tu, uso hataki. Inaanza na vyuma vinne kwenye makaa, na sekunde kumi za mwanzo sisemi kitu.