Fumbo Lilitangulia Mlinganyo

Mafumbo ya hesabu yanayohitaji mlinganyo wa kipeo cha pili yalianza kufumbuliwa zaidi ya miaka 3,000 kabla mtu yeyote hajaandika mlinganyo wenyewe kwa herufi na alama za leo. Ya kale zaidi kati ya yale yanayojulikana vizuri yanatoka Babeli, katika nchi ambayo leo ni Iraq, na yaliandikwa kati ya mwaka 1900 na 1600 KK. Yalikuwa mazoezi ya shule za makarani. Udongo mbichi ulitengenezwa kibao, mara nyingi cha kuenea kiganjani, maandishi yakachapwa juu yake kwa ncha ya tete, kisha kibao kikaachwa kikauke. Makarani hao hawakuwa na x, wala alama ya kujumlisha, wala alama ya sawasawa. Walikuwa na maneno, na hesabu iliyohesabiwa kwa sitini sitini badala ya kumi kumi.

Kibao kimojawapo kimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, na kinajulikana kwa namba YBC 6967. Fumbo lake ni fupi: namba mbili zikizidishwa zinatoa 60, na moja inaizidi nyingine kwa 7. Ni zipi? Kibao hakitoi kanuni, kinatoa maagizo. Gawa 7 katikati, upate 3½. Zidisha 3½ kwa 3½, upate 12¼. Ongeza 60, upate 72¼. Kipeuo chake cha pili ni 8½. Ongeza 3½, upate 12. Ondoa 3½, upate 5.

Kwa muda mrefu wasomi waliyasoma maagizo hayo kama aljebra tupu isiyo na alama. Mwanahistoria wa Denmark, Jens Høyrup, aliyachunguza upya maneno yaliyotumiwa na kuonyesha kwamba ni maneno ya kukata, kubandika na kusogeza. Karani alikuwa akiwaza umbo. Mstatili una eneo la 60, na urefu wake unauzidi upana kwa 7. Kipande kile kilichozidi kinakatwa katikati, na nusu yake inahamishiwa ubavuni. Linabaki umbo lenye pengo kwenye kona moja, na pengo hilo ni mraba wa 3½ kwa 3½. Likizibwa, mraba mkubwa unakamilika. Kazi inayoitwa leo kukamilisha mraba, ambayo wanafunzi wengi huikariri bila kuona mraba wowote, ilianza kama kazi ya mikono.

Kibao kingine, AO 8862 cha makumbusho ya Louvre mjini Paris, kinahusu shamba. Jumla ya urefu na upana ni 27. Eneo la shamba likiongezewa tofauti ya urefu na upana, jibu ni 183. Urefu ni 15 na upana ni 12, na ni rahisi kuhakiki: 180 na 3. Lakini hakuna mpima ardhi aliyewahi kuhitaji kujumlisha eneo na urefu, na aliyekwisha kujua jumla ya pande mbili alikuwa na kamba ya kuzipimia moja moja. Shamba hilo ni vazi tu. Fumbo lilitungwa ili kumnoa karani na kumpima, na kwa kazi hiyo lilitungwa kwa ustadi mkubwa.

Wagiriki waliyabakiza maumbo wakayaacha mafumbo. Kitabu cha pili cha Euclid, cha karibu mwaka 300 KK, kina uthibitisho wa kijiometri wa hatua zilezile, bila shamba wala mali.

Mafumbo yalipata makao mapya Baghdad. Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi wakati wa khalifa al-Ma'mun (813–833), aliandika kitabu cha al-jabr na al-muqabala, ambacho kiliipa aljebra jina lake. Katika utangulizi alieleza kwamba anawaandikia watu wanaoshughulika na mirathi, wasia, mgawanyo wa mali, kesi, biashara, upimaji wa ardhi na uchimbaji wa mifereji. Sehemu kubwa ya kitabu ni masuala ya wasia na mirathi. Masuala hayo, hata hivyo, hayafiki kipeo cha pili. Milinganyo ya kipeo cha pili aliiweka katika sehemu ya kwanza ya kitabu, na humo ndimo alimoleta jambo jipya kabisa: alipanga milinganyo yote kwa aina sita, kila aina na njia yake. Zilikuwa sita kwa sababu hakutumia namba hasi, kwa hiyo kila kitu kilipaswa kuwa upande ambako kinajumlishwa.

Mfano wake maarufu ni huu: mraba wa kitu, ukiongezewa mara kumi ya kitu hicho, ni 39. Alichora mraba ambao upande wake haujulikani, akabandika mstatili wenye upana wa 5 kwenye pande mbili zinazopakana. Eneo lote ni 39, na kona inayokosekana ni 25. Kona ikijazwa, mraba mzima ni 64, upande wake ni 8, na kitu kilichotafutwa ni 3.

Baada ya mifano yalifuata maswali, na mengi ni ya namba kumi iliyogawanywa mafungu mawili: mafungu hayo yakizidishwa yanatoa 21, ni yapi? Ni 3 na 7. Lakini lipo swali moja linalostahili kuangaliwa kwa karibu. Dirhamu moja inagawiwa kwa watu kadhaa sawasawa. Anaongezeka mtu mmoja, dirhamu inagawiwa upya, na fungu la kila mtu linapungua kwa sehemu moja ya sita ya dirhamu. Watu wa mwanzo walikuwa wangapi? Walikuwa wawili: nusu ikageuka theluthi. Maswali ya abiria wanaochangia nauli na ya wafanyakazi wanaogawana ujira, yaliyomo katika vitabu vya sekondari hadi leo, yana umbo hilohilo.

India ilikuwa na njia yake. Brahmagupta, mwaka 628, alikuwa tayari ameweka taratibu za kuhesabu kwa namba hasi, akizieleza kama madeni mbele ya mali. Karne tano baadaye Bhaskara wa Pili alitunga fumbo la nyani. Sehemu ya tano ya kundi, ukipunguza watatu, kisha ukizidisha jibu kwa lenyewe, ndio walioingia pangoni. Mmoja alibaki akionekana. Mlinganyo unatoa majibu mawili, 50 na 5. Bhaskara alilikubali 50 na kulikataa 5, kwa kuwa sehemu ya tano ya nyani 5 ni mmoja, na huwezi kutoa nyani watatu kwenye mmoja. Uamuzi huo ni wa thamani kuliko hesabu iliyoutangulia: mlinganyo hutoa namba, bali fumbo ndilo linalosema ipi inafaa.

Kitabu cha al-Khwarizmi kilitafsiriwa kwa Kilatini na Robert wa Chester mwaka 1145 nchini Hispania. Alama zilichelewa. Alama ya sawasawa ilitolewa kitabuni na Robert Recorde mwaka 1557, na desturi ya kutumia herufi za mwisho, x, y na z, kwa visivyojulikana ilienea kutokana na kitabu cha Descartes cha mwaka 1637. Namba hasi zilipokubaliwa, aina sita zikawa moja, na kanuni moja ikatosha. Kwa kanuni hiyo swali la dirhamu huandikwa x² + x = 6, na majibu yake ni 2 na −3. Jibu la −3 hukatwa, kwa kuwa linalohesabiwa ni watu.