Vita Vilikwisha, Deni la Mguu Likabaki

Mwanzoni mwa Desemba 2000 mji wa Pweto, kando ya Ziwa Mweru, ulitekwa na jeshi la Rwanda pamoja na waasi wa RCD. Maelfu ya watu walikimbilia Zambia. Sisi wa Kampemba twaishi katika jimbo hilo hilo la Haut-Katanga, nasi huona vita vile vilikwisha kwa mapatano ya mwaka 2002. Kwa aliyekatwa mguu, gharama yake haijakwisha.

Mguu wa bandia haudumu maisha yote. Wa mtu mzima huchakaa baada ya miaka 3 hadi 5. Wa mtoto hubadilishwa kila miezi 6 hadi 12, kwa kuwa mwili wake unakua. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilikadiria kwamba mtoto aliyejeruhiwa akiwa na miaka 10, akiishi miaka 40 au 50 zaidi, atahitaji miguu ipatayo 25. Kamati hiyo ilipoanza kutumia plastiki ya polipropileni, bei ya kila mguu ilishuka. Idadi ya miguu haikushuka. Tena kuna nauli, chakula cha siku za kungojea vipimo, na kazi iliyoachwa nyumbani.

Nani alipe? Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, huko La Haye, iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325; kati yake, milioni 225 ni kwa madhara yaliyowapata watu. Lakini kesi ya Kongo dhidi ya Rwanda ilikwama tarehe 3 Februari 2006, Mahakama ilipojiona haina mamlaka ya kuisikiliza. Hivyo aliyejeruhiwa Kisangani ana hukumu ya kushika mkononi, na aliyejeruhiwa Pweto hana, ingawa maumivu yao ni mamoja.

Kwa mtu huyu wa pili, wanaobaki ni Serikali yake, jamaa zake na majirani. Tukimchangia mguu mmoja, tumefanya vema. Ila tumwulize pia ule alionao aliupata lini, na unaofuata utatoka wapi. Kisha tuliweke jibu lake katika hesabu yetu ya kila mwaka.