Dawa za kuzuia hedhi kwa ajili ya Hija, Umra na Ramadhani: hukumu na njia zake

 

Kila unapokaribia msimu wa Hija, na kila inapoingia Ramadhani, hutufikia suali moja kutoka Unguja na Pemba: je, mwanamke anaruhusiwa kutumia dawa ili asipate hedhi, na dawa zipi hizo? Mara nyingi anayeuliza ni mume au kaka, na mara nyingi dawa imeshanunuliwa. Mmoja alituuliza kuhusu mkewe aliyepewa vidonge na jirani aliyerudi Hija, na hali mke mwenyewe ana presha ya muda mrefu. Kwa hiyo tumeona tuikusanye hukumu pamoja na maelezo ya kitabibu mahali pamoja.

Hedhi si aibu wala adhabu

Bibi Aisha (R.A.) alipata hedhi njiani akienda Hija, walipofika Sarif, akalia. Mtume (S.A.W.) alimtuliza kwa kumweleza kuwa hilo ni jambo alilowaandikia Allah mabinti wa Adam, kisha akamwamuru afanye yote anayofanya hujaji isipokuwa kutufu mpaka atwaharike. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim.

Mwanamke anayeacha swala na saumu kwa sababu ya hedhi anamtii Mola wake kwa kuacha, kama anavyomtii kwa kuswali akiwa twahara. Kwa hiyo hakuna mwanamke anayelazimika kutumia dawa hizi, na hakuna mume wala kiongozi wa msafara mwenye haki ya kumlazimisha.

Hukumu ya kuzitumia

Asili yake ni kujuzu. Ibn Qudama katika al-Mughni amenukuu kutoka kwa Imam Ahmad kwamba hapana ubaya mwanamke kunywa dawa ya kukata hedhi iwapo ni dawa inayojulikana. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kitabu Ghayat Talkhis al-Murad kimenukuu kutoka fatwa za al-Qammat kuwa yajuzu. Wanavyuoni wameweka masharti, na muhimu ni haya:

1. Isimdhuru. Mwenye kauli hapa ni daktari.
2. Isikate uzazi moja kwa moja. Kutoa kizazi kwa ajili ya kukwepa hedhi tu hakujuzu.
3. Ikiwa ni dawa inayozuia mimba, mume na mke washauriane, kwani mtoto ni haki yao wote wawili.
4. Isiwe hila. Mwanamke aliyeachwa asizuie hedhi ili kuirefusha eda na kuendelea kupata matumizi.

Hija na Ramadhani si sawa

Saumu ina badali. Siku zilizompita mwanamke katika Ramadhani atazilipa baadaye bila dhambi wala fidia, maadamu hakuchelewesha kwa uzembe mpaka ikaingia Ramadhani nyingine. Basi anayekunywa dawa mwezi mzima ili tu asiwe na deni anajitwisha mzigo ambao Sheria imemtua. Hatusemi ni haramu; tunasema bora aache.

Tawafu ya Ifadha ni jambo jingine. Ni nguzo, haina badali, na kwa Mashafi haisihi bila twahara. Tiketi ina tarehe yake na msafara hausubiri. Hapa haja ni ya kweli, na hapa ndipo dawa ina nafasi yake.

Hata hivyo, si lazima kuzuia damu safari nzima. Kuhirimia, kusimama Arafa, kulala Muzdalifa na Mina, na kurusha mawe, vyote vinasihi kwa mwenye hedhi. Asmaa bint Umays (R.A.) alijifungua Dhul-Hulayfa, na Mtume (S.A.W.) akamwamuru aoge na ahirimie. Ikiwa mwanamke ameingia Makkah kwa Umra ya tamattu na hedhi ikamzuia mpaka siku ya Arafa, ataingiza Hija juu ya Umra yake awe qarin.

Njia zilizopo

Vidonge vya norethisterone. Hivi ndivyo vinavyotumika zaidi kwa muda mfupi. Kawaida daktari huandika kidonge cha miligramu 5 mara 3 kwa siku, kuanzia siku 3 kabla ya hedhi inayotarajiwa. Akiacha, damu huja baada ya siku 2 au 3. Akiruka dozi, damu huweza kutoka, na akianza damu ikiwa imeshatoka, asitegemee kuwa itakatika. Kwa matumizi haya havizuii mimba.

Mfano: anayetarajia hedhi tarehe 9 Mfunguo Tatu aanze tarehe 6, atufu Ifadha tarehe 10 au 11, afanye saayi yake, kisha aache dawa. Damu ikija baadaye haidhuru, kwani Tawafu ya kuaga humwondokea mwenye hedhi, kama ilivyokuwa kwa Bibi Safiyya (R.A.).

Vidonge vya majira vyenye homoni mbili. Pakiti ya vidonge 28 mara nyingi ina 21 vyenye homoni na 7 visivyo nayo. Anayetaka kuchelewesha hedhi huviacha vile 7 na kuanza pakiti mpya moja kwa moja. Vinafaa zaidi kwa aliyeanza miezi kadhaa kabla ya safari, ili mwili uzoee.

Sindano ya miezi mitatu, kijiti na kitanzi cha homoni. Baadhi ya wanawake hukatikiwa na hedhi kabisa, lakini miezi ya mwanzo damu huweza kutoka ovyo ovyo. Anayeanza wiki chache kabla ya Hija huenda akapata tabu kubwa kuliko hedhi yenyewe. Kitanzi cha shaba hakizuii hedhi, aghalabu huizidisha.

Nani asitumie bila daktari

Mjamzito, aliyewahi kupata damu kuganda mguuni au mapafuni, aliyepata kiharusi, mwenye maradhi ya ini, saratani ya matiti, au damu inayotoka bila sababu kujulikana. Vidonge vyenye homoni mbili vina hadhari zaidi kwa mwenye presha, mwenye kipandauso kinachotanguliwa na macho kuona vimulimuli, na mama ambaye mtoto anayemnyonyesha hajafika miezi sita. Akamwone daktari mapema, kiasi cha miezi miwili au mitatu kabla ya safari, na asimfiche maradhi yake.

Katika ndege anyanyuke na atembee, na anywe maji ya kutosha. Akiona mguu mmoja umevimba na kuuma, kifua kinabana, pumzi inakata, au kichwa kinauma kwa ghafla sana, aache dawa na aende hospitali hapo hapo. Kulinda nafsi ni katika makusudio ya Sheria.

Ikitoka damu pamoja na dawa

Kwa Mashafi hedhi haipungui mchana na usiku, yaani saa 24, wala haizidi siku 15, na twahara baina ya hedhi mbili haipungui siku 15. Mwenye kuona damu wakati inapowezekana kuwa hedhi ajizuie na swala na tawafu. Ikikatika kabla jumla yake kufika saa 24, imebainika si hedhi: atalipa swala alizoacha. Ikija kabla ya kupita siku 15 za twahara, na zimeshapita siku 15 tangu hedhi iliyotangulia ianze, hiyo ni istihadha: atajisafisha, atajifunga vizuri, atatawadha na kutufu.

Ikiwa hedhi ni ya yakini kisha dawa ikamkausha siku moja au mbili, ipo kauli katika madhehebu, iitwayo kauli ya laqt, inayoihesabu siku hiyo kavu kuwa twahara. Ataoga na kutufu, na wengi hufutu kwayo kwa mwenye dhiki.

Akikwama kabisa, msafara unaondoka na damu haijakatika, zipo kauli za dharura: kwa Abu Hanifa tawafu yake inasihi na atachinja ngamia, na Ibn Taymiyya ameruhusu kwa asiye na njia nyingine. Asijiamulie mwenyewe, amuulize mwanachuoni wa msafara, na mume asione haya kumuulizia.

Tunawanasihi waume: mwanamke akipata hedhi Makkah asilaumiwe. Akae, amdhukuru Allah, aombe dua. Allah anaijua nia yake kabla hajavuka bahari.

Wallahu a'lam.